Takwimu Haisogezwi Mwaka wa Tatu

Kuna ujumbe wa sauti unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya wahitimu wa kidato cha sita huku Kusini mwa Tanzania, kuanzia Masasi mpaka Kilwa Masoko. Msemaji anajiita mzoefu. Anawaambia wanaokwenda kusoma shahada ya sayansi ya saikolojia kwamba mwaka wa kwanza wajaze kozi laini wapandishe GPA, takwimu waisukumie mwaka wa tatu "ukishakomaa". Watu wamejibu kwa makofi na mioto. Hongera yake. Kwa dakika tatu za sauti amewapangia watoto wa watu mwaka wa nne chuoni, na wazazi wao, wakulima wa korosho, ndio watakaoulipia.

Takwimu si kozi moja iliyokaa peke yake pembeni. Ni mnyororo. Utangulizi wa saikolojia unaachia takwimu ya kwanza, takwimu ya kwanza inaachia ya pili, ya pili inaachia mbinu za utafiti, na mbinu za utafiti ndizo zinazokupa ruhusa ya kuandika pendekezo la utafiti wa mwisho. Idara nyingi hufundisha kila moja ya hizi mara moja tu kwa mwaka. Ukiikosa takwimu ya kwanza mwaka wa kwanza, hutasubiri miezi minne tu. Unasubiri mwaka mzima, na kila pete inayofuata inasogea nayo. Kozi za kuchagua unaweza kuzibadilisha utakavyo. Huu mnyororo hauna nafasi ya kuchezea, kwa hiyo ratiba yako anza kuipanga kutoka mwisho kurudi mwanzo: andika semista ya kukabidhi ripoti ya utafiti, kisha rudi nyuma pete kwa pete uone ya kwanza inaangukia wapi. Karibu kila mara itaangukia mwaka wa kwanza.

Nakubali kwa shingo upande kwamba takwimu inaangusha watu. Aliyetoka michepuo ya sanaa kama HGL au HKL, hesabu aliiaga kidato cha nne, na huenda akapata C. Basi tuipige hesabu hiyo C inayoogopwa kama chui. Shahada ya miaka mitatu ina krediti 360. Tuseme takwimu ina krediti 12, umepata C yenye pointi 2, na kozi nyingine zote umepata B+ yenye pointi 4. Zidisha 348 kwa 4, jumlisha 24, gawanya kwa 360: GPA ni 3.9. Umepoteza hata sehemu moja ya kumi ya pointi haifiki, na upper second yako (daraja la pili la juu), inayoanzia 3.5, bado iko palepale. Hilo ndilo dubwana ambalo watu wanalikimbia miaka miwili! Ukiikamata sapu (mtihani wa marudio) mwaka wa kwanza unayo nafasi ya kuisafisha. Ukiikamata mwaka wa tatu semista ya pili, unasubiri mahafali ya wenzako ukiwa umevaa nguo za nyumbani, na mkopo uliopangwa kwa miaka mitatu hauna habari na wa nne.

Kuna jambo lingine la huku kwetu ambalo mzoefu wetu hakuligusa. Minada ya korosho huanza Oktoba, na vyuo hufunguliwa kati ya Oktoba na Novemba. Mzazi wa Tandahimba au Newala anasubiri malipo yaingie benki ndipo atume ada, kwa hiyo mtoto anafika darasani wiki ya tatu au ya nne. Kwenye historia ya saikolojia unaweza kuazima daftari ukafidia. Kwenye takwimu, ikiwa imepangwa semista inayoanza Oktoba, wiki hizo tatu ndizo zilizobeba aina za vipimo, wastani na mkengeuko sanifu (jinsi alama zinavyotawanyika kuuzunguka wastani). Ukikosa mkengeuko sanifu, wiki ya sita mwalimu anapofika kwenye kosa sanifu (wastani wa sampuli unavyoweza kuyumba) utakuwa unanakili alama za Kigiriki tu. Omba mapema kulipa ada kwa awamu. Kama haiwezekani, omba notsi za wiki hizo na ufanye mazoezi yake kwa mkono kabla hujapanda basi.

Sasa twende kwenye utafiti wenyewe, maana hapa ndipo ushauri ule unapogeuka msiba. Unataka kulinganisha makundi mawili, tuseme wanafunzi wa bweni na wa kutwa, kwa kiwango cha wasiwasi. Kwa tofauti ya ukubwa wa kati (d ya 0.5, yaani nusu ya mkengeuko sanifu), nguvu ya asilimia 80 (uwezekano wa kuiona tofauti kama ipo) na kizingiti cha 0.05 kwa pande mbili (nafasi ya kudai tofauti isiyokuwepo), unahitaji watu 64 kila kundi, jumla 128. Hesabu hiyo programu ya G*Power inakupa bure kwa dakika moja. Aliyesoma takwimu mapema anaijua wakati anaandika pendekezo. Aliyeisukuma mbele anakusanya watu 40 kwa sababu ndio madodoso aliyoweza kuyapiga fotokopi, anapata matokeo yasiyoonyesha tofauti, kisha anaandika kwa kujiamini kwamba "tofauti haipo". Ulichokuwa nacho, ndugu yangu, ni sampuli isiyo na uwezo wa kuiona hata kama ipo.

Na hao 128 hawapatikani siku utakayo. Barua inatoka chuoni, inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka kwa mkurugenzi wa halmashauri, inafika kwa afisa elimu, ndipo mkuu wa shule anakukaribisha kiti. Kabla ya barua hiyo kuna kibali cha maadili, na walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi pamoja na ridhaa yao wenyewe. Novemba shule ziko kwenye mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne. Desemba zimefungwa, na vijijini likizo ni msimu wa jando na unyago, kwa hiyo hata nyumbani humpati mtoto. Ukitaka wakulima, Oktoba mpaka Desemba wako kwenye mabibo shambani na mnadani. Ukitaka Liwale wakati wa masika, muulize kwanza dereva. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi upande wa Somanga, na mwezi huohuo nyaya za intaneti za baharini zikakatika, hata wa dodoso la mtandaoni akakaa. Kinachobaki ni Februari na Machi kwa shule, kisha kipande cha katikati ya mwaka. Aliye bado anajifunza t-testi (kipimo cha kulinganisha wastani wa makundi mawili) Februari ya mwaka wa tatu anaiangalia nafasi hiyo ikipita.

Kisha data inaingia kwenye kompyuta. Nitaeleza kosa moja tu, maana linajirudia kila mwaka. Mtu mmoja, mstari mmoja. Swali moja, safu moja. Hapo wengi wanapatia. Ila aliyeruka swali anaandikiwa 99, na hakuna anayeiambia programu kwamba 99 maana yake "hakujibu". Chukua watu 40, wawili wameruka, 38 waliobaki wana wastani wa 3. Jumla ni 114 na 198, sawa na 312, ukigawanya kwa 40 unapata 7.8. Wastani wa 7.8 kwenye mizani ya 1 hadi 5! Mwenye macho ya takwimu anaruka kitini. Asiyekuwa nayo anaubandika kwenye jedwali na kuutafutia nadharia. Pacha wa kosa hili ni maswali yaliyogeuzwa: dodoso linauliza "nina utulivu" katikati ya maswali ya wasiwasi, mtu anasahau kugeuza alama, alfa ya Cronbach (kipimo cha maswali yanavyokubaliana) inaporomoka chini ya 0.70, pengine inakuwa hasi, na lawama zinawaangukia wahojiwa kwamba hawakuelewa.

Wengi hawafiki hata huko. Wanapeleka flashi kwa jamaa wa steshenari "anayechambua data". Anarudisha kurasa ishirini za majedwali ya SPSS (programu ya takwimu ya kulipia), zikiwemo za maswali ambayo utafiti haukuuliza. Siku ya kuutetea, mtahini anauliza swali dogo: kwa nini umetumia anova, kipimo cha kawaida cha makundi matatu na kuendelea, wakati una makundi mawili tu? Jibu la kweli ni kwamba jamaa wa steshenari ndivyo alivyopenda, ila nani atasema? Wakati programu za jamovi na R ni za bure, zinakubali kwenye laptopu ya kawaida, na hazihitaji nakala ya wizi iliyojaa virusi.

Haya ya kozi nyingine kwa haraka. Saikolojia ya kibaiolojia isome mwaka wa pili, na kama hukusoma mchepuo wenye biolojia, PCB au CBG, pitia seli ya neva likizoni kabla haijaanza. Milivolti hasi 70 (umeme wa seli hiyo ikiwa imetulia) zikikuingia kichwani mapema, nusu ya kozi imekwisha. Kozi za kuchagua zifuate kazi unayoitaka, zisifuate Ijumaa iliyo wazi. Krediti 60 kwa semista ni saa 600, yaani kama saa 40 kwa wiki kwa wiki 15, kwa hiyo usirundike kozi tatu za kuandika sana pamoja.

Anayedai takwimu haina faida kwa mshauri nasaha, nimkumbushe jambo. Mwaka 2015 matokeo ya tafiti 100 za saikolojia zilizorudiwa yalichapishwa. Kati ya za awali, asilimia 97 zilidai kuona athari. Zilipopimwa upya, ni asilimia 36 tu zilizoiona tena. Nyingi ya tafiti tunazosomeshwa zilifanywa kwa wanafunzi wa vyuo vya Marekani na Ulaya. Utajuaje kama zinamhusu binti wa Nanyamba kama huwezi kusoma jedwali la matokeo?

Najua kuna watakaosema watafanya mahojiano ili waikwepe hesabu. Sawa, mahojiano ni utafiti halali na mzuri. Ila saa moja ya sauti inachukua saa nne mpaka sita kuiandika neno kwa neno, kwa hiyo wahojiwa 15 ni saa 60 hadi 90 kabla hujaweka msimbo (lebo ya maana ya kipande cha maneno) hata mmoja. Na aliyeongea Kimakonde anaandikwa kwanza kwa Kimakonde, ndipo atafsiriwe, na mtu wa pili akague.