Umepewa Kibali na Nani?

Jumapili nilitupia video fupi, niliyoipiga kwa droni, kwenye grupu la ukoo. Mahindi ya Iowa, Marekani, yametanda mpaka macho yanachoka, ghala jekundu, barabara ya changarawe, na kule pembeni kabisa njia ya kurukia ndege ya uwanja mdogo wa mji wetu. Nilitegemea mashallah mbili tatu. Shangazi akayasifu mahindi. Binamu yangu aliyeko Tanga akaandika swali moja tu: "Umepewa kibali na nani?"

Hakuuliza droni inauzwaje, wala kama ni yangu. Aliuliza kibali, tena na nani. Nilicheka, kisha nikapandwa na hasira, na hasira yenyewe ndiyo inayoandika hapa.

Jibu la kweli, binamu, ni kwamba nimepewa na simu. Uwanja wetu ni mdogo, ndege za abiria unazihesabu kwa vidole, lakini una mnara wa kuongozea ndege, na penye mnara anga ina mwenyewe. Huwezi kunyanyua kidude chako hata futi kumi bila ruhusa. Sasa FAA, mamlaka yao ya anga, wameikata anga hiyo vipande kwenye ramani, na kila kipande kina namba yake: 0, 50, 100, mpaka 400. Hizo ni futi. Shamba ninalopanga nyumba limeangukia vipande viwili. Penye nyumba na ghala ni 100. Kona ya mashariki, inayotazamana na njia ya kurukia, ni 0. Unafungua programu, unachora duara juu ya ramani, unataja saa na urefu, unatuma. Mfumo unaitwa LAANC. Nilituma, nikainama kufunga kamba za viatu, simu ikatetemeka: umekubaliwa, usizidi futi 100, kuanzia saa fulani hadi saa fulani, namba ya kumbukumbu hii hapa.

Hakuna aliyeuliza mimi mtoto wa nani. Hakuna aliyetaka barua ya mtendaji wa kata, wala picha mbili za pasipoti zenye mandhari ya bluu.

Na kabla hamjaniita mtumwa wa Wazungu, ninachokipenda zaidi ni ile sifuri. Kona ya mashariki nimenyimwa. Nimenyimwa kwa namba, saa nane za usiku sawa na saa nne za asubuhi, na mzee mwenye shamba, aliyezaliwa kwenye nyumba hii hii, naye amenyimwa vilevile. Raha ya kunyimwa namna hiyo sijawahi kuipata nyumbani. Nyumbani hatunyimwi. Nyumbani mhusika hayupo.

Likizo iliyopita nilitaka picha za angani za shamba la babu, lile lisilo mbali na uwanja wa ndege wa Tanga, kwa ajili ya ule mgogoro wa mpaka ambao ukoo mzima unaujua na hakuna anayetaka uandikwe. Droni yangu niliiacha Marekani; sijawa mwendawazimu wa kuiingiza nchini bila karatasi. Nilitaka kujua kitu kimoja tu: nikimpata kijana mwenye droni yake na leseni yake, pale karibu na uwanja nani anasema ndiyo au hapana? Nikaingia ofisi moja ambayo siitaji. Dada wa mapokezi alikuwa muungwana, akanipa kiti, akanipa pole ya safari, akaniambia mhusika yuko kikaoni. Kesho yake mhusika yuko Dodoma. Kaimu yupo, ila kaimu hasaini. Ofisi ya pili wakasema hilo ni la ofisi ya kwanza. Kwenye korido alikaa mzee mmoja wa shati la kitenge, bahasha ya kaki imelegea kwa jasho la mkono, akaniuliza nafuata nini. Nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, mimi nafuatilia hati tangu huyu dada hajaajiriwa."

Na wote walikuwa wapole! Hilo ndilo linaloniudhi. Ningetukanwa ningejua pa kuanzia.

Sasa nawasikia. Wa kwanza ameshaanza kuandika: umekaa kwa Wazungu miaka mitatu minne, tayari kwenu kunanuka. Ndugu yangu, mimi nimezaliwa Tanga, nimekulia kwenye foleni hizo hizo, na sikuja Marekani kupumzika. Nafanya kazi zamu ya usiku. Nikisema kaimu hasaini, sisemi kama mtalii, nasema kama mtu ambaye mama yake bado anaipanda daladala asubuhi kwenda kuambiwa arudi Jumatatu.

Wa pili atasema Marekani wana hela. Hela ya kujibu swali? Sisi na Wakenya ndio tuliomfundisha mwenzetu kutuma pesa kwa simu. M-Pesa Kenya ni ya 2007, kwetu ikaja 2008, na kwa miaka mingi Mmarekani alikuwa bado anaandika hundi. Bibi yangu mkubwa wa Pangani, asiyejua kusoma, anapokea pesa na kuitoa kwa wakala bila kumsumbua mtu. Na serikali yetu ikitaka kukutoza, namba ya malipo inaingia kwenye simu hujafumba jicho. Uwezo upo. Hufanya kazi vizuri sana pesa inapotoka kwako kwenda kwao. Jibu linapotakiwa kutoka kwao kuja kwako, ghafla mtandao uko chini.

Wala msinijie na hoja kwamba sheria hatuna, tunazo. Kanuni za droni za Tanzania ni za 2018, kibali ni cha TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, jeshi nalo lina neno lake, na hifadhini ni mlango mwingine. Kenya kanuni zao za kwanza zilikataliwa bungeni, zikatungwa nyingine mwaka 2020. Sina ugomvi na masharti. Huku masharti ni mengi kuliko mnavyodhani. Siku mzee mwenye shamba aliponiomba nimtazamie lile bonde linalotuama maji katikati ya mahindi yake, mchezo uliishia hapo. Kurusha kwa kujifurahisha kuna sheria yake, na mtihani wake ni wa bure mtandaoni. Kumtazamia mtu shamba, hata asipokulipa senti, ni kazi, na kazi ina leseni. Nililipa dola 175, nikafungiwa kwenye chumba na maswali 60, alama ya kupita 70 kwa mia, na mengi hayakuhusu droni kabisa: upepo, mawingu, ramani za marubani zenye duara na mistari ya kila rangi. Droni yenyewe ikasajiliwa kwa dola 5, miaka mitatu. Na inaporuka inatangaza hewani iko wapi, na mimi niliyeshika rimoti niko wapi, kiasi kwamba yeyote mwenye programu kwenye simu anaweza kunifuata mpaka kwenye gogo nililokalia. Muda wa kuwasamehe wasiotangaza uliisha Machi 2024. Ila kwenye sifa za kupata leseni uraia haumo. Umri miaka 16, Kiingereza cha kusoma na kuelewana, akili na mwili vinavyoruhusu, ufaulu. Basi.

Njoo Julai uone kwa nini wanakaza. Ndege za njano za kunyunyizia dawa zinashuka juu ya mahindi mpaka unahisi magurudumu yanafagia mbelewele. Zikifika mwisho wa shamba zinapanda ghafla, zinageukia hewani, zinarudi kwenye mstari wa pili. Rubani anatafuta nyaya za umeme, hana jicho la ziada la kidude changu cha plastiki. Mimi nikisikia mlio tu, nashusha, sisubiri kuona rangi. Marekani ina viwanja kama 5,000 vinavyotumiwa na umma, na minara haizidi sana 500. Vingi vilivyobaki hakuna wa kumwomba ruhusa. Marubani wanaambizana kwenye redio, na wewe mwenye droni kazi yako ni kupisha. Kumpisha mwenye roho ndani. Hilo hata mtoto wa Tanga anayevusha mbuzi angelielewa bila kusoma kanuni.

Wa tatu ni mzito kidogo, huyu wa usalama wa taifa. Atasema sisi tuna mipaka, tuna kambi, droni si mchezo. Kweli kabisa. Na huku wanasiasa wao wanazipiga vita droni za Kichina kwa neno hilo hilo la usalama. Lakini kambi zao zimepakwa rangi kwenye ramani ya umma: hapa usiguse, hapa usikaribie. Unaona, unakaa mbali. Kwetu hata orodha ya pasipoguswa hujui uiombe wapi, unaigundua siku umeshikwa.

Kuna na wale wa kujidharau, na hao nawaogopa kuliko wote. "Mwafrika hawezi." Hawezi nini? Mwaka 2016 visiwa vya Zanzibar vilianza kupigwa picha kwa droni, na waliokuwa wakizirusha ni vijana wa SUZA, chuo kikuu cha Zanzibar, pamoja na Kamisheni ya Ardhi na Benki ya Dunia. Unguja na Pemba, kijiji kwa kijiji, paa kwa paa. Mwaka huo huo, Oktoba, Rwanda wakaanza kupeleka damu hospitalini kwa droni kutoka Muhanga, zinaidondosha kwa mwavuli mdogo. Mzee wangu hapa Iowa nilipomsimulia alidhani namtania. Huku kwao pizza ya kuletwa kwa droni bado ni habari ya kwenye runinga, sisi damu imeshafika wodini. Kwa hiyo tusiambiane hatuwezi. Rais akitaka, inawezekana kwa mwaka mmoja. Mtu wa kawaida akitaka picha ya mpaka wa shamba, mhusika yuko Dodoma.

Na kwa kuwa najua mtasema nasifia tu, haya. Jirani wa upande wa pili wa barabara alisimamisha pikapu yake pembeni yangu, akashusha kioo, hakusalimu, akasema akikiona hicho kitu juu ya uwanja wake atakitungua. Kisheria kuitungua ni kosa la serikali kuu, maana kwao droni ni chombo cha anga. Lakini mwaka 2015 huko Kentucky kuna bwana aliitungua ya mwenzake kwa bunduki, hakimu wa jimbo akayafuta mashitaka. Kwa hiyo sikubishana, nilimwambia asante kwa taarifa. Nyumbani jirani angekuja na watoto wote wa mtaa, angetaka apigwe picha yuko juu ya mnazi, na jioni tungekula pamoja. Hapa narusha na hakuna anayeinua shingo.

Mzee ndiye aliyeniambia nisome kesi ya mfugaji wa kuku wa North Carolina, karibu na Greensboro. Wakati wa vita jeshi lilikodi uwanja mdogo jirani naye, ndege za mabomu zikawa zinapita futi 83 juu ya ardhi yake. Kuku walijibamiza ukutani kwa woga, wakafa kama 150, akafunga biashara. Akaishitaki serikali. Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1946 ikasema mambo mawili kwa pumzi moja: ile imani ya zamani kwamba mwenye ardhi anamiliki mpaka mbinguni imekwisha, lakini mfugaji huyu alipwe. Mzee anaipenda hadithi hii. Nilimwambia kwetu, kwa sheria ya 1999, hata udongo wenyewe uko chini ya Rais kama mdhamini. Akanyamaza, akauliza: "Sasa babu yako analima nini?" Korosho, nikamwambia. Tukaacha hapo, maana ningeendelea ningeanza kuitetea sheria ambayo nikiwa Tanga naibeza.

Ndiyo, naitetea nikiwa huku. Mnaoishi ughaibuni mnanielewa. Mmarekani akiisema Tanzania vibaya nampandishia sauti mpaka wenzangu wa zamu wanageuka. Ni mimi tu na binamu yangu tunaoruhusiwa.

Halafu kuna hili, nalileta kwa hiari yangu kabla hamjalichimbua wenyewe. Bonde la mzee linahitaji picha ya kutoka juu zaidi, futi 200, na namba ya kipande chetu ni 100. Kuzidi namba, simu haijibu tena. Ombi linakwenda kwa binadamu, aliyekaa mahali, na inashauriwa kuanza mapema, unaruhusiwa hata siku 90 kabla. Nimelituma, nina namba ya ombi. Maji ya bonde yanazidi kuoza mizizi, mzee anauliza kila asubuhi, na mimi nafungua simu nakuta neno lile lile: linashughulikiwa. Binamu nimemwambia. Amenitumia emoji za kucheka mstari mzima, na ushauri: "Tafuta mtu unayemjua pale ndani."