Tuache kuuliza inakimbia ngapi

Kwenye maonyesho ya Nane Nane pale Nzuguni, Dodoma, nilikuta vijana wameunda kigari cha magurudumu matatu chenye paneli ya sola juu ya paa. Karibu kila aliyefika aliuliza: "Inakimbia ngapi?" Akiambiwa kilomita 40 kwa saa, anaguna na kwenda zake. Mzee mmoja akawaambia warudi kikishakuwa na viti vitano na kiyoyozi. Wale vijana walinyamaza, mimi nikaondoka nimekasirika, na hasira haijaisha.

Jamani, tamaa hiyo ya gari kamili la viti vitano imekwisha kuwaangusha wengine. Waanzilishi wa Lightyear, kampuni ya magari ya sola ya Uholanzi, walitoka kwenye timu ya wanafunzi wa Eindhoven iliyoshinda daraja la magari ya abiria katika mbio za sola za Australia mwaka 2013. Hawakukosa akili wala ujuzi. Lakini gari lao lilipoanza kutengenezwa mwishoni mwa 2022, bei ilikuwa euro 250,000, na Januari 2023 kampuni tanzu iliyolitengeneza ikafilisika. Mwezi uliofuata Sono Motors ya Ujerumani nayo ikaliacha gari lake la Sion, huku maelfu ya watu wakiwa wameshatanguliza pesa.

Tupige hesabu. Jua la utosi hutoa takribani wati 1,000 kwa kila mita ya mraba, na paneli nzuri inageuza kama asilimia 22 tu kuwa umeme. Paa dogo la mita mbili za mraba litakupa wati 400 na ushee. Kwa siku nzuri ya Dodoma, ukishatoa kinachopotea kwa vumbi, joto na nyaya, unabaki na kama yuniti moja na nusu, hizi hizi tunazonunua za LUKU. Gari la kawaida la umeme, lenye uzito wa tani moja na nusu, linazimaliza ndani ya kilomita 10 hivi. Kigari chepesi kisichozidi mwendo wa 40 kinaweza kufika kilomita 20, hata zaidi. Jua ni lile lile na paneli ni ile ile. Kilichobadilika ni uzito na mwendo. Kila kiti cha ziada, kila mlango mzito na hicho kiyoyozi cha mzee vinakula kilomita.

Na kilomita 20 si haba hata kidogo. Mhudumu wa afya anayezungukia kaya za kijiji kimoja Chamwino zinamtosha. Mama anayetoa mchicha bondeni kuupeleka gulioni zinamtosha. Mkulima wa zabibu asiye na umeme nyumbani hahitaji kumsubiri mtu wa petroli ya chupa. Mtumishi anayetoka Area C mjini kwenda mji wa serikali wa Mtumba na kurudi hazimtoshi, kwa hiyo usiku atachomeka ukutani. Lakini chombo chake kinashinda juani toka asubuhi mpaka jioni pale maegesho, na jua hilo sasa hivi kazi yake ni kuunguza usukani tu. Dereva wa bajaji ya biashara, kwake paneli ni nyongeza, basi.

Wataalamu watasema paneli ikae kwenye bati la nyumba, ambako ni kubwa zaidi, inapata hewa na inaelekezwa vizuri. Sawa, nakubali. Lakini mchana, jua likiwaka, chombo hakiko nyumbani.

Waganda wa Kiira Motors walizindua basi la Kayoola lenye paneli juu mwaka 2016. Sisi tuna jua hili, tuna vyuo vya ufundi vya VETA, tuna Chuo Kikuu cha Dodoma, tuna mafundi wanaochomelea magari yaliyokatika chesisi. Ninachoomba kwa wenye fedha za ubunifu ni kwamba wawape vijana wa Nzuguni betri ya lithiamu isiyoogopa joto la Oktoba na Novemba, maana ile ya asidi hufa mapema. Wawasaidie kusajili chombo chao kama kilivyo, bila kuwalazimisha kukifanya kifanane na gari la mkubwa. Halafu wakijaribu kwenye njia za vumbi, kikiwa na magunia mawili nyuma, na mota ikiungua Kibaigwa, fundi wa Kibaigwa aweze kuifungua kwa spana alizonazo.