Begi Mgongoni, Mama Mkwe Kilindoni

Kila siku nawaona vijana wa Kizungu pale bandarini, mabegi mgongoni, pua zimebabuka na jua, eti wanakwenda kukaa kisiwani Mafia miezi mitatu kwa hela kidogo. Watu wanawasifu: wajasiri hao, wanaijua dunia. Ujasiri gani? Siri yao ni moja tu. Hawana mama mkwe Kilindoni.

Mimi ninaye. Tena si mama mkwe mzazi, ni mdogo wake. Lakini kwa hesabu za mke wangu, Mama Nasra, haki zake zote ni za mama mkwe mzazi, ingawa kwenye mahari aliambulia doti moja ya khanga na hajaisahau mpaka leo.

Mimi ni fundi friji hapa Temeke. Kazi yangu haina likizo. Joto la Desemba likianza, simu inalia mpaka inazimika yenyewe. Kwa hiyo mwaka jana nikapanga niondoke mwanzoni mwa Oktoba, nikakae Mafia kama wanavyokaa hao vijana. Gesti ya bei nafuu, samaki wa kuchoma, mchana nalala chini ya mnazi, jioni nakwenda kumwona potwe. Hela yangu nimeipigia mahesabu, inatosha mwezi mzima kama sijaonana na mtu ninayemfahamu.

Begi nililipata kwenye mitumba pale Karume. Begi la maana: chuma mgongoni, mkanda wa kiuno, mkanda wa kifua, na mikanda mingine ambayo mpaka leo sijajua inafunga nini. Kwenye mkanda wa kifua kuna filimbi. Muuzaji akaniambia ni ya kuombea msaada ukipotea porini. Nikacheka. Mtoto wa Temeke nipotee wapi?

Sasa niambieni, habari hutokaje ndani ya nyumba? Mimi nilimwambia mke wangu usiku, tena kwa sauti ya chini. Asubuhi jirani kanisubiri mlangoni na kichwa cha cherehani kimefungwa kwenye shuka. Kinakwenda kwa dada yake kule Kirongwe, Mafia. Wa nyumba ya pili kaleta dawa za presha za babu yake. Shehe wa mtaani kaleta misahafu. Mama Nasra mwenyewe kaleta madumu mawili ya mafuta ya kula na vitenge vya kuwagawia watu ambao hata yeye majina yao alikuwa anauliza kwa simu. Nguo zangu zilikuwa suruali mbili na bukta. Bukta ikatolewa ili cherehani kiingie.

"Na hiyo gesti," akasema, "utalalaje gesti na mama mdogo yupo? Unataka watu waseme nini?"

Watu gani? Hilo ndilo swali ambalo hakuna mwanamume aliyewahi kujibiwa.

Kwenye daladala ya Rangi Tatu konda aliliangalia begi, akaniangalia mimi, akapaza sauti gari zima lisikie: "Konokono, vua nyumba, watu wapite!" Nikalipishwa nauli ya watu wawili. Kutoka hapo ni basi la Nyamisati, barabara ya Kilwa mpaka mbele huko, halafu unaiacha lami kubwa unaelekea pwani, mpaka unakutana na mikoko na harufu ya tope. Wenye hela wanapanda ndege ndogo hapa Dar, hata saa moja haiishi wameshatua. Sisi tulikaa tukisubiri boti, na boti nayo ina mambo yake na maji kupwa na kujaa. Huwezi kugombana na bahari, ingawa abiria mmoja alijaribu.

Nilikuwa na mpango nikishuka Kilindoni nipite pembeni, nitafute chumba, halafu kesho yake nikasalimie kama mtu aliyeingia leo. Namuuliza kijana wa bodaboda gesti iko wapi, akanijibu, "Wewe si Baba Nasra? Mama kasema tukulete." Begi likapakiwa, nikapakiwa na mimi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hamjambo huko mjini? Nasra hajambo? Na mama yake?"

"Hatujambo sote, mama."

"Nasikia ulikuwa unaulizia gesti. Kuna mtu wetu kafia humo?"

Hapo utalii ukaisha, mimi nikaanza ukwe. Mliooa mnajua. Mbele ya mama mkwe huvui shati. Hulali uwani umenyoosha miguu. Huogelei na bukta, hata hiyo bukta ungekuwa nayo. Bahari ile, maji maangavu unaona mpaka mchanga wa chini, mimi niliingia na suruali ya kitambaa na mkanda wake, maji yakanifika magotini, nikatoka kwa adabu.

Siku ya pili nikaomba ruhusa nikamwone potwe. Huyu potwe, kwa asiyejua, ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Ni papa, lakini hang'ati mtu, kazi yake kufungua mdomo na kuchuja vidudu vidogo vya majini. Kuanzia Oktoba mpaka Machi anasogea karibu na Kilindoni, na watu wanatoka Ulaya kuja kuogelea naye. Mama mkwe akaniangalia kwa huruma.

"Potwe tunamwona tangu utoto. Ukalipe hela umwangalie samaki anakula? Kaa hapa barazani, kuna watoto wanakula, waangalie bure."

Nikasema basi niende kisiwa cha Chole. Hapo alikubali haraka mno, nikajua kuna jambo. Kwanza nikapewa mpwa wake anisindikize. Pili nikapewa orodha ya nyumba za kusalimia. Ukielekea Utende unakuta geti la Hifadhi ya Bahari, ile iliyoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini. Pale wageni wa nje wanalipa dola, na sisi tunalipa kidogo kwa shilingi. Ndiyo mahali pekee safari nzima nilipopunguziwa kitu. Tukavuka. Chole kuna popo wakubwa, mchana wananing'inia mitini, magharibi wanaruka kundi zima, watu wanakaa na kamera kuwasubiri. Popo wakaruka. Mimi nilikuwa ndani ya nyumba ya saba, nashika chai, nasema "salama, nao wanawasalimu."

Kisiwa cha Juani ilikuwa hivyohivyo. Nilitaka kuyaona magofu ya Kua, nikajikuta jamvini mbele ya sinia la wali, mwenyeji ananisimulia ya Kua kwa mdomo. Wazee wanasema watu wa Kisimani waliwaalika watu wa Kua kwenye kushusha jahazi majini, wakalipitisha jahazi juu ya watoto wa hao wageni. Wa Kua wakanyamaza miaka. Halafu wakawaalika wa Kisimani harusini, wakawakaribisha chumba cha chini ya ardhi. Wenyeji wakawa wanatoka mmoja mmoja, kidogokidogo, na mlango ukajengewa ukuta. Anasimulia hivyo huku watu wa nyumba ile wanatoka mmoja mmoja kwenda kuswali. Sikumaliza wali.

Mnaijua ile ya mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa jembe. Nililetewa friji.

Mama mkwe alikuwa amewatangazia watu kwamba mkwe wake ni fundi, tena wa Dar. La kwanza lilikuwa la jirani mwenye kuuza samaki, likaja juu ya mkokoteni. Nikasema, mama, sina vifaa. Akasema usijali. Kumbe kisha kumpigia mwanawe, na Mama Nasra, mke wangu wa ndoa, kafunga sanduku langu zima la kazi, spana, geji, mtungi wa gesi, kalipandisha basi la Nyamisati. Boti iliyofuata ikashusha. Nimeikimbia kazi Temeke, kazi ikalipa nauli ikanifuata.

Na friji za pwani ni mateso. Chumvi ya bahari inakula kila kitu. Unafungua nyuma, paipu unaigusa kwa kidole inapukutika. Feni za kondensa zimeshikana na kutu. Kila ukiziba tundu moja, gesi inatafuta jingine. Malipo? Unamdai nani? Huyu mjomba wa mke, yule kanyonyeshwa nyumba moja na mama mkwe. Walinilipa dua, nazi, na pweza. Mzee mmoja alinilipa historia. Kichwa changu kiko nyuma ya friji, yeye kakaa kitini ananieleza kwamba Januari 1915 Waingereza waliichukua Mafia kutoka kwa Wajerumani, wakaleta ndege za kuiwinda manowari Königsberg iliyokuwa imejificha delta ya Rufiji, na Julai mwaka huohuo wakaimaliza. Historia safi kabisa. Ila kompresa ilikuwa imekufa, na kompresa hainunuliwi kwa Königsberg.

Sasa ndipo akaja huyo Mholanzi. Kijana mrefu, begi kama langu, ila lake ndani lilikuwa na vitu vyake. Akafunga hema kwenye kiwanja cha jirani, anapika tambi za pakiti kwenye jiko dogo la gesi, ana shanga mkononi na hana haraka. Viza yake ya utalii, dola 50, inamruhusu siku 90, na alikusudia kuzikaa zote. Hakuna aliyemuuliza mkewe kamwachia nani. Hakuna aliyemletea hata pasi ya umeme aiangalie. Mama mkwe akamwona anakula tambi peke yake, akashika kifua.

"Maskini mtoto wa watu. Hana hata ndugu."

Kijana akaambiwa aseme "shikamoo mama". Akaisema, vibaya. Kuanzia hapo akawa analetewa chakula.

Na hapo ndipo nikaelewa kwamba na mimi nina viza, ila yangu inasomwa kwenye sahani. Nilipofika nililishwa samaki changu wa kupaka. Wiki iliyofuata ikawa kibua. Baadaye dagaa. Alipokuja Mholanzi, changu wakahamia hemani, mimi nikaletewa kisamvu kisicho na nazi. Mafia! Kisiwa ambacho ukikaa vibaya nazi inakuangukia kichwani, mtu anapewa kisamvu cha maji! Nikajua muda wangu umekwisha, tena bila kugongewa muhuri.

Yule kijana, mwema kwa kweli, alikuja kunipiga picha nikiwa nimelala chini ya friji, jasho limenitapakaa. Akaniambia kwa Kiswahili chake kwamba anatamani maisha yangu, maisha ya taratibu. Nilikuwa na spana mkononi. Namshukuru Mungu kwa malezi niliyopewa.

Nikaaga. Unadhani begi lilirudi tupu? Nazi, pweza wakavu, kiroba cha maembe mabichi, pamoja na kile kichwa cha cherehani, kwa sababu dada mtu kasema sicho alichoagiza. Watoto wa mtaa wakanisindikiza wanapokezana filimbi yangu. Nafika kwenye boti nageuka niage vizuri, namwona mama mkwe kavaa baibui jipya, mkononi ana kikapu.

"Nikusindikize mwanangu. Nami nikamwone Nasra. Siku mbili tu."

Siku mbili za mama mkwe hazimo kwenye kalenda yoyote. Joto la Desemba limekuja limepita, masika hiyo inanyesha, yeye yupo. Analala chumba cha Nasra, Nasra analala na mama yake, mimi nalala sebuleni na mafriji ya wateja. Rimoti hatuijui ilipo. Na anazunguka, jamani! Pantoni ya Kigamboni anavuka anarudi, hana anachofuata ng'ambo. Mwendokasi kaenda nao mpaka Kimara, akakaa kituoni kidogo, akageuza. Anawajua wauza khanga wa Kariakoo kwa majina ya watoto wao. Anatumia hela kidogo sana, kwa sababu anatumia yangu.

Juzi nikampeleka Makumbusho ya Taifa. Akasimama mbele ya fuvu la kale la Zinjanthropus, yule aliyefukuliwa Olduvai mwaka 1959, akauliza ana umri gani. Nikamwambia, mama, inakadiriwa miaka milioni moja na laki saba na nusu. Akatikisa kichwa.

"Miaka yote hiyo yuko kwa watu, na hakuna aliyempa jembe."

Halafu akanigeukia akanitazama, nikaangalia viatu. Nyumbani hapo hata dagaa hatujathubutu kumpikia. Mama Nasra kakataza. Kila siku ni changu, na changu wa Dar mnajua bei yake.

Jana usiku kaniita. Nikaenda, nikachutama kwa heshima. Ana ndugu zake Bagamoyo hajawaona siku nyingi, na ukishafika Bagamoyo, Pangani nako kuna watu, na Tanga asipopita watamsema. Sasa kile kikapu hakifai kwa safari ya hivyo. Akauliza kama lile begi la mgongoni nina kazi nalo.

Nikamwambia chukua mama, chukua na filimbi. Leo asubuhi majirani wameanza kuleta mizigo.