Umetumwa na nani?

Swali hilo niliulizwa ghorofa ya nne ya jengo moja karibu na Mtaa wa Samora, Dar es Salaam, lifti imekufa, kola ya shati imelowa jasho. Dada wa mapokezi aliishika barua yangu ya utambulisho kwa ncha za vidole, akautazama mhuri wa chuo, kisha akaigeuza upande wa pili kana kwamba jina la mkubwa aliyenituma limeandikwa nyuma. Nikamwambia nimetumwa na chuo. Akacheka kidogo. "Mdogo wangu, chuo kinawatuma wote."

Nilikuwa mwaka wa pili wa sheria. Ratiba ilitaka wiki nane za mafunzo kwa vitendo, fildi tunavyoiita, na zinahesabiwa kama kozi nyingine yoyote: bila daftari la kumbukumbu lililosainiwa na ripoti mwishoni huna alama, na mwakani unairudia. Pa kwenda unajitafutia mwenyewe. Chuo kinakupa barua na kukutakia heri.

Wenzangu wengi hulalamikia hapo hapo pa kujitafutia. Mimi silalamiki. Kazi hii tunayoisomea ni ya kubisha hodi kwenye milango ya watu wasiokusubiri: karani wa masijala anayekwambia jalada halionekani, shahidi aliyezima simu asubuhi ya kesi, mteja aliyeahidi kulipa mwisho wa mwezi bila kutaja mwezi upi. Nilisambaza barua kumi na moja. Kufikia ya saba nilishajua kuomba kuonana na wakili mwenyewe, kufika kabla ya saa mbili asubuhi kabla hajaenda mahakamani, na kueleza shida yangu kwa sentensi mbili. Darasani sikuwahi kufundishwa hayo.

Kinachoniudhi ni kwamba tukishakubaliwa tunafurahi mno, tunasahau kupatana.

Na sisi ndio tuliokaririshwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345! Kifungu cha 25 kinasema makubaliano yasiyo na malipo ni batili, ukiacha hali chache zilizotajwa humo. Tumekiandika kwenye mtihani, tukapata alama zetu, halafu tukaenda kuwapa watu wiki nane za maisha yetu bila kuuliza tunapata nini. Mwanafunzi wa fildi halipwi pesa, sawa. Malipo yake basi ni kufundishwa. Asipofundishwa hajajitolea, amedhulumiwa mchana kweupe.

Ofisi ya kwanza iliyonipokea siitaji. Walikuwa watu wema, wananiita "mheshimiwa" kwa utani, na kwa wiki tatu nilitoa fotokopi. Nilitoa fotokopi, nikapanga majalada kwa mwaka, nikafuata chapati. Daftari langu lina mistari kumi na tatu inayofanana: "Nimesaidia kupanga majalada." Msimamizi alisaini yote Ijumaa moja, kalamu ikikimbia kama anasaini risiti, na hakusoma hata mstari mmoja. Ningeinamisha kichwa mpaka wiki ya nane, ningepata alama zangu, na hakuna ambaye angejua.

Niliomba kuhama. Nikaangukia ofisi ndogo ya msaada wa kisheria Temeke, meza tatu na feni moja, si mbali na Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki kinachoshughulikia mambo ya familia. Siku ya pili akaingia mama na bahasha ya kaki iliyochakaa: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya serikali ya mtaa. Mumewe amefariki, shemeji anataka nyumba. Akanitazama, "Mwanangu, wewe ndiye wakili?" Kabla sijajibu msimamizi akasema, "Bado, ila yeye ndiye atakayekueleza utaratibu."

Nikaanza kueleza. Kiingereza cha darasani kikanijaa mdomoni, Kiswahili kikagoma. Nilikuwa najua kesi za mirathi kwa majina yake, sikuweza kumwambia mjane kwamba msimamizi wa mirathi hakabidhiwi mali iwe yake, anakabidhiwa aikusanye, alipe madeni, agawe, kisha arudi mahakamani na fomu namba 5 na namba 6 kueleza alikuta nini na alimpa nani. Mama alisubiri kwa adabu. Msimamizi wangu akanikatiza, akasema yote kwa dakika moja, kisha akaniambia, "Sasa rudia wewe." Nikarudia, mama akiwa bado amekaa pale.

Jioni niliandika rasimu ya hati ya kiapo. Ilirudi na wino mwekundu kila aya. Kwenye aya ya nne alikuwa ameandika tu: "Umeyajuaje haya?" Sikuwa na jibu, nilikuwa nimeapa kwa niaba ya mtu mambo ambayo yeye hakuyaona kwa macho yake. Mpaka leo nikiandaa kiapo nalisikia swali lile.

Mwaka 2022 nchi nzima ilipigwa butwaa na matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, anakopita mhitimu wa sheria kabla ya kuwa wakili: wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote moja kwa moja 26. Serikali ikaunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe. Kila mtu alikuwa na wa kumlaumu, vyuo, taasisi, Kiingereza, wanafunzi wenyewe. Siwezi kusema fotokopi ndizo zilizowaangusha. Ila ukimfikisha mtu pale akiwa hajawahi kurudishiwa rasimu yenye wino mwekundu, unategemea nini?

Pesa nayo. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupata bumu, yaani hela ya kujikimu, la fildi. Asiye nao ana shangazi, kama mimi: Mbagala, kitanda kimoja na binamu wawili, nauli ya kwenda na kurudi ananihesabia mkononi kila asubuhi. Fildi yangu "ya bure" aliilipia yeye, na jina lake halimo kwenye ripoti. Asiye na shangazi Dar ningemshauri asijitese kugombania maghorofa ya mjini. Arudi kwao, Sumbawanga, Masasi, popote, aombe nafasi Mahakama ya Mwanzo. Pale shauri linaendeshwa kwa Kiswahili tangu zamani, hata kabla ya sheria ya mwaka 2021 kukifanya kuwa lugha ya mahakama zote, na kwa siku moja utaona talaka, deni la mbuzi na mirathi. Shida ni wahadhiri wanaoipa ripoti ya huko uzito mdogo kwa sababu haina jina la ofisi kubwa.

Jingine kwa haraka. Ukiambiwa umtoze mteja hela umwandikie hati mwenyewe, ondoka. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, haikuruhusu, na pale chini penye "Imeandaliwa na" jina lako bado halina kazi.

Juzi mdogo wangu mmoja wa mwaka wa pili kanipigia, kapata sehemu, furaha tele. "Dada, hawalipi, lakini ofisi ina kiyoyozi!" Nikamuuliza nani atasoma atakachoandika. Kimya. Nikamuuliza tena, jina la huyo wakili nani, na ana muda wa kukaa naye mara ngapi kwa wiki. Akasema hakuuliza, aliogopa wangeghairi. Kesho asubuhi anarudi kuuliza. Nimemwambia afike kabla ya saa mbili.