Silaha za Saddam "zilizopelekwa Syria": tuulize uzito, lakiri na mpokeaji

Zaidi ya miaka 20 tangu Marekani na washirika wake waivamie Iraki, Machi 2003, kuna jibu moja ambalo halizeeki. Ukiuliza silaha za maangamizi za Saddam Hussein, mtawala wa Iraki, zilizotangazwa sana zilikwenda wapi, yupo atakayekujibu bila kupepesa jicho: zilihamishiwa Syria kabla ya vita. Ni jibu tamu, kwa sababu linashibisha njaa. Ghala likikutwa tupu, basi limehamishwa. Likikutwa halina hata harufu ya kemikali, basi waliohamisha walikuwa mafundi.

Sisemi dai lenyewe ni upuuzi. Serikali huvusha silaha mipakani, na Iraki yenyewe ilishafanya hivyo. Januari 1991 ndege zake zaidi ya 100 zilikimbilia Iran kukwepa mabomu. Lakini tazama mambo yalivyokuwa: marubani wa muungano waliziona, wakaangusha baadhi, dunia ikajua ndani ya siku chache, na Iran, iliyokuwa imetoka kupigana na Iraki miaka minane, ikazikalia. Mali iliyovuka mpaka ina njia iliyopita na ina mtu aliyeipokea, na huyo mpokeaji ana tamaa zake.

Ndiyo maana naona tunakosea tunapolijadili dai hili kama siri ya kijasusi. Kwanza ni dai la uchukuzi. Mzigo una uzito, unapakiwa, unalindwa, unashushwa, unahifadhiwa. Msimulizi asiyeweza kujibu maswali ya karani wa bandari hajafika mahali pa kujibu maswali ya mpelelezi.

Tuanze na uzito. Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwamba, kwa makadirio ya chini, Iraki ilikuwa na tani kati ya 100 na 500 za kemikali za silaha. Miaka mitatu baadaye Georges Sada, jenerali wa zamani wa jeshi la anga la Iraki, akaja na masimulizi yake: mwaka 2002 ndege mbili za abiria zilizong'olewa viti, Boeing 747 na Boeing 727, zilifanya safari 56 kwenda Syria kwa kisingizio cha msaada kwa waathirika wa bwawa la Zeyzoun nchini Syria. Bwawa hilo lilibomoka kweli, 4 Juni 2002, na ukweli huo mmoja ndio uliovibeba mgongoni vipande vingine vyote.

Sasa piga hesabu. Tuipe 747 nusu tu ya safari hizo, yaani 28, na mzigo wa tani 50 kila safari, ambao ni mdogo kwa ndege ya ukubwa ule. Tayari tuna tani 1,400, karibu mara tatu ya kiwango cha juu cha Powell, na 727 bado haijahesabiwa. Kisha kuna kupakia. Kung'oa viti hakuigeuzi ndege ya abiria kuwa ya mizigo, kwani mlango ni ule ule mwembamba na sakafu ni ile ile. Gesi ya haradali, ambayo licha ya jina ni majimaji mazito, ina kilo zipatazo 250 kwa pipa la lita 200. Tani 50 ni mapipa 200, na pipa moja likipasuka ndani ya ndege ndio mwisho wa wafanyakazi na wa ndege yenyewe. Sada mwenyewe hakurusha ndege hizo. Alisema aliyasikia hayo kwa marubani, na marubani hao hawakuwahi kutoa daftari la safari wala hati ya mzigo hadharani.

Jambo jingine ni uhai wa mzigo. Sarini ya Iraki, sumu ya neva, ilijulikana kwa kuwa chafu, na sarini chafu huoza upesi. Iliyotengenezwa miaka ya 1980 isingekuwa na thamani ya kuhatarishia ndege mwaka 2002. Gesi ya haradali ndiyo hudumu. Makombora ya mizinga 550 yaliyojazwa haradali yalibaki kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya vitu ambavyo hesabu yake haijafungwa. Wengi walisoma orodha hiyo kama orodha ya vitu vilivyopo, na huo ni ugonjwa wa kusoma. Kiangazi cha 1991 Iraki iliharibu shehena kubwa kwa siri, bila wakaguzi na kwa kumbukumbu mbovu, na tangu hapo hakuna mhasibu ambaye angeweza kuoanisha vitabu vyake. Hussein Kamel, mkwe wa Saddam aliyesimamia miradi ya silaha, aliwaambia wakaguzi mwaka 1995 alipokimbilia Jordan kwamba silaha zilishaharibiwa.

Wanaoamini huleta pia picha za setilaiti. Oktoba 2003 James Clapper, aliyekuwa mkuu wa shirika la Marekani la picha za setilaiti, alisema msururu wa magari kuelekea Syria kabla ya uvamizi ulimshawishi kwamba kuna vitu vilivyohamishwa. Naheshimu cheo, ila picha ile ya juu huonyesha turubai la lori, haionyeshi kilicho chini yake. Barabara za Iraki na Syria zilikuwa zimejaa hata bila silaha: tangu mwishoni mwa mwaka 2000 nchi hizo mbili zilifanya biashara kubwa nje ya utaratibu wa Umoja wa Mataifa, mafuta yakipita kwa bomba hadi Banias, bandari ya Syria, na vita ilipokaribia kila mwenye fedha, familia au faili la kuficha alitafuta mlango wa magharibi. Hans Blix, mkuu wa wakaguzi wa silaha wa Umoja wa Mataifa, alishatoa tahadhari kuhusu jambo hilo hilo, 14 Februari 2003, akizungumzia ghala moja katika picha za setilaiti alizoonyesha Powell: mwendo ule wa silaha ungeweza vile vile kuwa kazi ya kawaida ya kila siku.

Kisa ninachokipenda zaidi ni Al Qaqaa, kwa sababu hapa dai la "zilihamishwa kabla" lilipimwa kwa kitu cha kushikika.

Al Qaqaa kilikuwa kiwanda kikubwa cha silaha kusini mwa Baghdad. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, IAEA, lilitia lakiri maghala yake kwa sababu yalikuwa na vilipuzi vya HMX, vinavyoweza kutumika kufyatulia bomu la nyuklia. Oktoba 2004 serikali ya mpito ya Iraki ililiandikia shirika hilo kwamba tani zipatazo 341 zimepotea: takriban 195 za HMX, na za vilipuzi vingine viwili, 141 za RDX na karibu 6 za PETN. Hayo ni malori kama 35 ya tani kumi kumi. Uchaguzi wa rais wa Marekani ulikuwa umebaki siku chache, na papo hapo afisa mmoja wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani akadai kwamba Warusi walisaidia kuvivusha kwenda Syria kabla ya vita kuanza.

Kisha ikaibuka kanda ya video. Wapiga picha wa kituo kimoja cha televisheni cha Minnesota, waliokuwa wakifuatana na wanajeshi wa Kikosi cha 101, walikuwa wamerekodi ndani ya maghala hayo tarehe 18 Aprili 2003, siku tisa baada ya Baghdad kuanguka. Inaonyesha waya na lakiri mlangoni, askari wakifungua, na mapipa ndani. David Kay, aliyewahi kuongoza msako wa silaha Iraki, aliitazama akasema hiyo ni lakiri ya IAEA. Kwa hiyo ghala lile, angalau, lilikuwa bado na mali baada ya vita, na milango iliachwa wazi bila mlinzi. Waliobaki walikuwa waporaji na matrela yao.

Hata hivyo kisa hiki hakitoki kisafi kama wapinzani wa Rais Bush wa Marekani walivyotaka. Sehemu kubwa ya RDX ilihifadhiwa kwenye ghala jingine lililokuwa mbali, ingawa lilisimamiwa na kiwanda hicho, si pale palipopigwa picha. Na wakaguzi wenyewe walishaandika kwamba baadhi ya maghala yalikuwa na matundu ya hewa ambayo mtu angeweza kuyafungua na kutoa mali bila kugusa lakiri. Lakiri hulinda mlango tu. Anayesoma ripoti kwa makini huuliza kwanza ghala lina matundu mangapi, kisha ndipo aulize lakiri ilikuwa nzima lini mara ya mwisho.

Sasa twende kwa mpokeaji, ambaye wasimulizi wengi humsahau. Mwaka 2013, baada ya shambulio la sumu la Ghouta, kando ya Damascus, la 21 Agosti, Syria ilijiunga na mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali na kutangaza takriban tani 1,300. Kuzitoa kulianza 7 Januari 2014 na shehena ya mwisho ikaondoka bandari ya Latakia 23 Juni. Miezi mitano na nusu, huku serikali yenyewe imekubali! Urusi ilitoa malori ya kivita, Marekani vifaa vya kufuatilia makontena, China magari ya wagonjwa na kamera. Tarehe za mwisho zilivunjwa moja baada ya nyingine, kwa sababu ya vita barabarani na kwa sababu Damascus haikuwa na haraka. Takriban tani 600 ziliteketezwa baharini ndani ya meli Cape Ray, kazi iliyokwisha Agosti. Mtu akiniambia kwamba mzigo wa aina hiyo ulivuka jangwa kimyakimya bila kuacha dereva, bohari wala pipa, namwonyesha ratiba ya Latakia.

Ni kweli tamko la Syria lilikuwa na mapengo, na Shirika la Kuzuia Silaha za Kemikali liliyahoji kwa miaka. Lakini utawala wa Rais Assad wa Syria ulianguka 8 Desemba 2024, na Februari 2025 mkuu wa shirika hilo alikwenda Damascus kuzungumza na watawala wapya. Anayeamini sasa anaweza kunyoosha kidole kwenye ramani na kusema chimbeni hapa.

Kikosi cha Charles Duelfer, kilichosaka silaha Iraki nzima, kilifunga suala hili Machi 2005 kwa lugha ya tahadhari: uhamisho rasmi kwenda Syria hauelekei kuwa ulitokea, ingawa hakingeweza kukanusha kwamba vitu vichache vilivushwa kwa njia zisizo rasmi. Wapenzi wa nadharia huchukua nusu ya pili na kuiacha ya kwanza.

Mchezo huu umetufikia hata sisi. Agosti 2006 gazeti moja la London liliandika kwamba forodha ya Tanzania ilikamata urani 238 ndani ya shehena ya koltani, madini ya kutengenezea vifaa vya elektroniki, kutoka Lubumbashi nchini Kongo ikielekea Bandar Abbas, Iran. Inatisha ukiisoma haraka. Lakini urani 238 ni zaidi ya asilimia 99 ya urani yoyote ya asili, na koltani huchimbwa ikiwa tayari na urani na thoriamu ndani yake, kiasi cha kukilizisha kipima mionzi. Cha kuomba hapo ni kipimo cha maabara: urani ni asilimia ngapi ya mzigo? Ikiwa chini ya asilimia moja, hiyo ni koltani ya kawaida. Ikiwa asilimia kumi, mwite mkemia na polisi kwa pamoja.

Na Iraki kwenyewe? Kuanzia 2004 hadi 2011 wanajeshi wa Marekani waliokota maelfu ya makombora ya zamani ya kemikali, yote ya kabla ya 1991, mengine yenye kutu na kuvuja, na baadhi ya wanajeshi hao, pamoja na polisi wa Iraki, wakaumia. Yalikuwa nchini muda wote, ardhini na kandokando ya barabara. Juni 2014, mwezi ule ule makontena ya mwisho yalipoondoka Latakia, wapiganaji wa Dola ya Kiislamu waliteka Al Muthanna, kiwanda cha kale cha kemikali kaskazini-magharibi mwa Baghdad. Serikali ya Iraki ililazimika kuuandikia Umoja wa Mataifa kwamba ndani ya handaki moja pale bado kuna mabaki ya roketi 2,500 za sarini, zilizofungiwa humo kwa zege chini ya usimamizi wa wakaguzi miaka 20 kabla ya hapo.