Jeni za kuvunja sumu kwenye mimea: zimekuja kwa ajili ya sumu za nje au za ndani?

Shamba lenye mahindi na maharage pamoja, kama tunavyolima wengi huku kwetu, ukilipiga atrazini, dawa ya kuua magugu, mimea ikishaota utaona kitu kimoja wazi kabisa: majani ya chini ya maharage yanaanza kuwa ya njano kutokea pembeni, halafu yanakauka, na mahindi yamesimama kijani kama vile hayajaguswa. Dawa ni ileile, imeingia kwenye mimea yote miwili, na inalenga sehemu ileile ya usanisinuru. Ila mahindi yana enzaimu zinaitwa glutathioni transferasi, kwa kifupi GST, ambazo zinaikamata atrazini na kuibandika molekuli ndogo ya glutathioni, basi sumu inakosa nguvu na inasukumwa kwenye vakuoli, kifuko cha ndani ya seli, ikafungiwe huko. Hili limejulikana tangu 1970.

Sasa swali linalonikaa kichwani ni hili, mahindi yaliipata wapi hiyo silaha? Atrazini imeingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1950, na mahindi yamelimwa Mexico kwa miaka kama 9,000, yaani hakuna namna yoyote yawe yalijiandaa kwa ajili yake.

Kuna wanaosema familia hizi za jeni za kuvunja sumu zimekua kwa sababu ya sumu za nje. Na wana hoja. Ukiangalia jenomu, yaani jeni zote za mmea kwa pamoja, jeni za GST mara nyingi zimepangana mkia kwa kichwa kwenye kromosomu, dalili kwamba moja imejinakili mara nyingi na nakala zikaanza kila moja kushika njia yake. Arabidopsis, kale kammea kadogo ka maabara, kana jeni za GST zaidi ya 50. Upande wa P450, familia nyingine kubwa inayovunja sumu, kana kama 245 wakati binadamu tuna 57 tu. Mmea haukimbii, uko palepale fangasi wakija, wadudu wakija, jirani akimwaga kemikali kwenye udongo, kwa hiyo kuwa na akiba ya enzaimu nyingi zenye kushika vitu tofauti tofauti ni jambo la maana sana. Tena nyingi zinaamka mmea ukipata shida. Kuna dawa zinazochanganywa na kiuagugu makusudi ili kuziamsha kwenye zao, zao lipone na gugu life.

Hoja nzuri, ila kwangu mimi haitoshi.

Chukua jeni ya Bronze2 ya mahindi. Ni GST kamili, na ikiharibika mmea haufi kwa sumu yoyote, kinachotokea ni kwamba punje ambazo zingekuwa za zambarau zinatoka na rangi ya shaba, kwa sababu rangi ya anthosianini imeshindwa kufika kwenye vakuoli ikabaki nje yake inaharibika. Ua la petunia nalo lina jeni ya kazi hiyohiyo inaitwa AN9, na ukiitia kwenye mahindi yaliyokosa Bronze2 kazi inafanyika! Cha kushangaza zaidi, hizi mbili zinatoka matawi tofauti kabisa ya familia, moja phi nyingine tau, maana yake kazi ya kubeba rangi iligunduliwa mara mbili, kila tawi kivyake. Na AN9 inaonekana inaishika tu ile rangi na kuisindikiza, haiibandiki glutathioni.

Halafu kuna sumu za mmea wenyewe. Mahindi yanatengeneza DIMBOA kujilinda na wadudu, na hiyo DIMBOA ingeyadhuru yenyewe kama yasingekuwa na enzaimu za kuifunga kwa sukari. Juu ya hapo jua kali na ukame vinaharibu mafuta ya utando wa seli na mabaki yake ni sumu, ya kusafishwa kila siku. Mi naona kazi za namna hii, za ndani na za kila siku, ndizo zilizozishikilia jeni hizi kwa mamilioni ya miaka, dawa za viwandani zimekuta tu mlango umeshafunguliwa.

Ndiyo maana suala la magugu linanitia wasiwasi wa kweli. Kama silaha ilikuwepo kwa kazi nyingine, basi gugu nalo linayo, linasubiri tu kuiongeza nguvu. Kule Marekani gugu la Abutilon theophrasti limeweza kuvunja atrazini kwa njia ileile ya mahindi, yaani GST. Uingereza kuna nyasi sumbufu kwenye ngano, Alopecurus myosuroides, na mwaka 2013 watafiti waliitia GST yake moja kwenye Arabidopsis, kale kammea kakastahimili dawa za aina kadhaa, lakini si kwa sababu enzaimu ilikuwa inazivunja yenyewe, ilibadilisha kemia nzima ya ulinzi ndani ya seli, glutathioni ikapanda na flavonoidi, kemikali za mmea za kujilinda, zikapanda. Mtu anayepanga kubadilisha dawa akidhani gugu halijawahi kukutana nayo anaweza akakuta tayari halisikii.

Ila kuna kesi moja inanirudisha nyuma, nayo ni Fhb7. Wachina walichapisha 2020 kwamba jeni hii ya GST, iliyotoka kwenye nyasi ndugu ya ngano, inavunja sumu ya fangasi wa Fusarium, ile ileile inayowatapisha watu na mifugo wakila nafaka iliyoambukizwa. Na wakasema mmea haukuizaa, uliipata kutoka kwa fangasi wa Epichloë anayeishi ndani ya nyasi. Hapo ni sumu ya nje na jeni ya nje, siwezi kuilazimisha iingie kwenye maelezo yangu ya kazi za ndani. Kwa hiyo pande zote mbili zina kesi zao, mimi naegemea ndani kwa familia kwa ujumla, na kwa jeni mojamoja nataka kuona izimwe kwenye mmea mzima ndani ya shamba, siyo ipimwe kwenye tyubu peke yake, maana kwenye tyubu hata hiyo GST ya nyasi ya Uingereza ingeonekana haina kazi kubwa ya kuvunja dawa.