Kaa alivyonishusha Bendera Tatu

Jumamosi mama mkwe yuko kwetu, na ye mtu wa Tanga, kuku hamtaki, anataka kaa. "Baba, wawe hai lakini, aliyekufa usiniletee." Nikadamkia Feri, soko la samaki la Dar, nikapata wawili wanene, muuzaji akawafunga magando kwa vipande vya mpira, nikawatia kapuni, nikajivuta mpaka Posta nikapanda Kosta ya Temeke. Siti nilipata kwa kugombania.

Dada wa pembeni yangu akachungulia kapu, "mbona wakubwa hivyo?" Weee, kiherehere changu. Usiku nilikuwa nimeangalia video ya kaa buibui wa Japani, basi nikafungua darasa. Dada, hawa watoto, yule ukimnyoosha miguu ncha hadi ncha anafika mita 3.7, kilo mpaka 19, ukimpakia humu miguu inatokea madirishani pande zote mbili na konda anamdai nauli ya watu wanne! Mzee wa kanzu siti ya mbele akageuka, "acha uongo kijana." Ndo akanichochea. Nikamwambia mzee wangu, jina lake la kitaalamu Macrocheira, ukoo mzima yuko hai huyo mmoja tu, wenzie waligeuka mawe mamilioni ya miaka huko, mwingine wamemkuta mpaka Marekani. Hapo mikono yote miwili iko juu napima mita 3.7, kapu limebaki na Mungu.

Kumbe mpira wa mmoja ulishachomoka.

Nikasikia dada, "KAA! KAA!"

Sasa waliosimama wakajua wanaambiwa wakae. Mama mmoja akawaka, "nikae wapi, siti unayo wewe?" Konda naye mlangoni akadakia, "kaeni chini jamani, trafiki mbele!" Kijana mmoja mtiifu akachuchumaa kabisa, akakutana na mwenyewe uso kwa uso, vijicho vimesimama kama antena. Alivyoruka sijui kichwa chake kilipona vipi na lile bati.

Kaa kajificha chini ya siti, kadandia pindo la kanzu. Mzee akaangalia chini, akaniangalia mimi, taratibu kabisa: "Ndo huyu wa mita 3.7?"

Tulivuta, gando likabaki kwenye kanzu, kaa mkononi kwangu, konda akatushusha wote watatu kituo cha Bendera Tatu na nauli hakurudisha.

Nyumbani mama mkwe akawageuza geuza kwenye beseni. "Baba, huyu gando lake lingine liko wapi?"

"Mama, unajua kule Japani kuna kaa..."

Mke wangu akanikanyaga mguu.